300 ya ku kartoni haifike chumbani

Wandugu, mwezi uliopita nilikosa kutuma dosye ya kuomba masomo. Kartoni ya ruta iliandika megabiti 300 kwa sekunde. Chumbani nilipata 4. Nikagombeza mwenzangu wa nyumba bure.

Sisi wa agronomia tunajua: mavuno yaliyoandikwa ku mufuko wa mbegu ni ya shamba la majaribio. 300 njo vile, ni kipimo cha redio bila ukuta. Nyumbani, karibu nusu inaishia ku vyombo kusikilizana. Simu zote zinapokezana hewa moja. Matofali yanakula mawimbi. Tena tunalipia 20 tu!

Kwa waya, kompyuta ileile ilipata 18. Basi, mbele ya kulaumu mutu, weka ruta juu, katikati ya nyumba, ao chomeka waya. Mwenzangu nimeshamuomba musamaha.