Kumtafuta Aliyekosa Kalamu: Kutoka Pemba hadi Pumwani

Mtu wa Enzi za Kati asiye na mali wala cheo huonekana kwenye maandishi siku alipogongana na wenye nguvu: alipodaiwa kodi, aliposhtakiwa, alipouzwa. Siku zake nyingine, za kulima, kupika, kupendana na kuzika, hazikumhusu karani. Ndiyo maana mtafiti wa maisha ya wanyonge haanzi na yaliyoandikwa. Huanza na aliyeandika, na alichokuwa akikitafuta.

Kati ya 1318 na 1325, Jacques Fournier, askofu wa Pamiers kusini mwa Ufaransa, aliwahoji watu wengi, wakiwemo wanakijiji wa Montaillou, akisaka waasi wa dini. Alitaka wakosaji. Lakini katika kujitetea, wachungaji na wajane walisimulia nani alilala kwa nani, walikula nini, hata nani alimtoa nani chawa. Mwaka wa 1975 mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie alichapisha kitabu kizima kuhusu kijiji hicho, akitegemea daftari la askofu. Daftari hilo lina mtego wake: watu walisema kwa hofu, kwa lugha yao, na makarani wakaandika kwa Kilatini.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuachiwa daftari kama hilo, ila ardhi imetunza mengi. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya mji wa Gedi mwaka wa 1948, msikiti, kasri na nyumba za mawe ndizo zilizovuta macho. Waliolala katika nyumba za miti na udongo hawakuacha kuta za kutazamwa. Baadaye, katika kisiwa cha Pemba, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba vishimo vidogo kwa umbali sawa hata pale ambapo hapakuwa na gofu lolote. Vijiji vikajitokeza. Kimojawapo, Tumbe, kilichokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, kilitoa vifaa vingi mno vya kusugulia shanga za kombe, kazi ya mikono ya watu wasiotajwa popote. Punje zilizoungua nazo zinaonyesha jinsi mpunga ulivyochukua nafasi ya mawele kisiwani baada ya hapo. Hayo ni mabadiliko ya shamba na jiko, na hakuna sultani aliyeyatangaza.

Sasa tuje karibu na nyakati zetu, Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambako swali ni lilelile: nani aliandika, na alitafuta nini? Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, serikali ya kikoloni ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 awe na kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Wanawake hawakuandikishwa. Anayesoma rejista za kipande peke yake ataamini kwamba Nairobi ulikuwa mji wa wanaume, na mipango mingi ya nyumba iliandikwa kwa imani hiyo: ilihesabu vitanda vya vibarua walioacha jamaa zao mashambani.

Wakati huohuo, mitaa ya Pangani ya zamani na Pumwani, yaani Majengo, ilikuwa na wanawake waliomiliki nyumba na kutoza kodi ya pango. Mtafiti Janet Bujra aliandika habari zao mwaka wa 1975. Mwanahistoria Luise White naye aliwahoji akina mama wazee katika miaka ya 1970, na kitabu chake kikatoka 1990. Katika mafaili ya polisi, mwanamke aliyepika pombe au kuuza mwili ni kero ya mji. Katika masimulizi yao wenyewe, wanawake hao wanahesabu akiba, wanajenga, na wanamchagua mrithi.

Hata hivyo, mdomo wa mzee si hati safi kuliko faili. Huenda anamsitiri marehemu, au anatetea dai la kiwanja. Masimulizi yake hupimwa kwa risiti za kodi, kwa ramani, kwa mafaili yaliyo katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, na kwa jirani anayekumbuka tofauti.

Mtafiti wa Tumbe hana wa kumuuliza. Sisi tunaye, lakini nyumba za zamani za Eastlands zinabomolewa kupisha maghorofa, na wapangaji wanatawanyika. Ukikaa na nyanya au babu, usimuulize maisha yalikuwaje; atakujibu kwa mawaidha. Muulize kodi ilikuwa shilingi ngapi na nani aliipokea, chumbani mlilala wangapi, maji mlichota wapi, na asiye na jamaa alizikwa na nani. Andika tarehe, jina lako na sababu ya kuuliza, kisha umsomee ulichoandika. Akikusahihisha, weka masahihisho kando ya maneno ya kwanza wala usiyafute, kwa kuwa tofauti kati ya hayo mawili nayo ni ushahidi.