Santuri za Jazz kwa Msikilizaji wa Zongwe

Mpenzi wa jazz anayeishi Zongwe, hapa teritwari ya Kalemie, hana haja ya kuanzia New Orleans. Bendi zilizojiita Jazz zimetuzunguka pande zote: African Jazz ya Kabasele na O.K. Jazz ya Franco huko Kinshasa, na ng'ambo ya ziwa Tabora Jazz, Morogoro Jazz na NUTA Jazz. Nyingi zilipiga rumba zaidi, nami siziondoi kwenye hazina yangu kwa sababu hiyo.

Vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi huniuliza waanze na nani. Mimi nawapeleka Likasi. Mwaka 1952, mji huo ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga "Masanga". Ni gitaa moja tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi, kidole kinaimba juu yake, na ukifumba macho utaapa wapigaji ni wawili. Wimbo huo umo kwenye albamu Origins of Guitar Music, yenye rekodi za Tracey kutoka kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Usikilize peke yake, tena na tena, kabla hujaingia kwenye bendi kubwa. Sikio likishazoea gitaa moja linalofanya kazi ya mawili, magitaa ya O.K. Jazz yakianza kujibizana hutapotea.

Kwa O.K. Jazz yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1956, tafuta Francophonic, juzuu ya kwanza, iliyotolewa na Sterns mwaka 2008. Inamfuata Franco toka 1953 hadi 1980. Halafu ongeza "Mario" ya 1985.

Kutoka Tanzania siwezi kumwacha Mbaraka Mwinshehe. Alikwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaiacha bendi hiyo mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Ajali ya gari ilimuua Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Mfululizo wa santuri uitwao Ukumbusho ulitolewa Kenya baada ya kifo chake, na yoyote unayoipata katika huo, ichukue.

Albamu ninayoipenda kuliko zote ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya mwaka 1989. Remmy alizaliwa Kindu, ndugu yetu wa Maniema, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila. Albamu hii aliirekodi Uingereza, katika studio za Real World, bila kuwabadilishia Wazungu chochote cha msingi. Msikilize katika "Sauti ya Mnyonge": anazungumza na maskini kama mtu aliyeketi nao kwenye benchi moja, na magitaa hayamkatizi, yanasubiri amalize ndipo yapande. Kwangu mimi hakuna mwanamuziki wa huku kwetu aliyemheshimu msikilizaji wake kiasi hicho.

Kutoka Nairobi, Giants of East Africa ya Super Mazembe inatosha, kwa "Kasongo" na "Shauri Yako". Na kutoka Marekani nakupa moja tu, Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Ni muziki mtulivu, wa usiku, na anayependa gitaa la Mwenda hatapata taabu nao.

Jambo moja la kuangalia unapokusanya. Santuri ndogo za zamani zilikata wimbo mrefu vipande viwili, upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Flashi nyingi zina kipande cha kwanza peke yake, na watu wanazeeka bila kusikia magitaa yakifunguka. Kwa hiyo ukienda mjini Kalemie kujaziwa nyimbo, mwambie kijana wa kibandani waziwazi: nataka pande zote mbili. Kama hana ya pili, tafuta kibanda kingine.