Nakia: Uso wa binti wa Nairobi katika plastiki ya sentimita 15

ANAYETAKA kupima ubora wa sanamu ya shujaa wa sinema sharti aanzie usoni. Silaha, mavazi na viungo huja baadaye. Mnunuzi akiitoa sanamu sandukuni na asimtambue aliyechongwa, basi amenunua kipande cha plastiki kilichobandikwa jina la mtu.

Jijini Nairobi kipimo hiki huwa kikali zaidi kwa sanamu moja: ile ya Nakia, jasusi wa Wakanda katika filamu ya Black Panther iliyotoka Februari 2018. Uso wa Nakia ni wa Lupita Nyong'o, na wakazi wa jiji hili walimfahamu Lupita kabla Hollywood haijalisikia jina lake.

Alizaliwa Mexico mwaka 1983 lakini akalelewa Nairobi. Alisoma katika shule ya St Mary's, iliyoko upande wa Msongari, magharibi mwa jiji. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare iliyoandaliwa na Phoenix Players, kundi ambalo enzi hizo lilikuwa na ukumbi wake katika jumba la Professional Centre, Parliament Road. Mwaka 2009 alionekana kama Ayira katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, iliyopigiwa picha papa hapa Nairobi. Tuzo ya Oscar ya mwaka 2014 ilikuja baada ya hayo yote. Hata filamu ya Black Panther ilipoletwa nchini, ilizinduliwa Kisumu, ambako babake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana.

Kwa hivyo mkusanyaji wa sanamu anayeishi Westlands au Kawangware hahitaji kuambiwa na mtengenezaji kwamba uso umefanana. Anaweza kuamua mwenyewe.

Sanamu inayozungumziwa hapa ilitengenezwa na kampuni ya Hasbro ya Marekani na kuuzwa mwaka 2018 katika mfululizo wake uitwao Marvel Legends. Ina kimo cha sentimita 15 hivi, yaani takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha binadamu. Nakia amevaa mavazi yake ya kijani ya vita, rangi ya kabila la mtoni alikotoka katika hadithi, na silaha zake ni pete mbili zenye makali.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na kodi ya nyumba, ahangaike na mwanasesere. Swali hilo ni la zamani kuliko wanavyodhani. Mwaka 1964, Hasbro ilipotoa sanamu ya askari iliyoitwa G.I. Joe, iliogopa kwamba wazazi wa Marekani wangekataa kuwanunulia wavulana kitu kinachoitwa mwanasesere. Ikabuni jina jipya, lenye maana ya sanamu ya vitendo, na jina hilo ndilo linalotumika duniani hadi leo. Tofauti haikuwa ya jina tu. Mwanasesere wa kawaida huvishwa na kubembelezwa, ilhali sanamu ya vitendo hukunjwa goti, huinuliwa mkono na kusimamishwa kana kwamba imekatizwa katikati ya pigano. Mfululizo wa Marvel Legends ulianzishwa mwaka 2002 na kampuni ya Toy Biz, kisha ukahamia Hasbro mwaka 2007, na tangu mwanzo uliwalenga watu wazima pamoja na watoto.

Tuurudie uso. Zamani macho na nyusi za sanamu ndogo ziligongwa kwa muhuri wa rangi, na kosa la nusu milimita lilitosha kumfanya shujaa aonekane mwenye makengeza. Karibu na mwaka 2018 Hasbro ilianza kuchapa nyuso kwa mashine ya kidijitali, ambayo hunyunyiza vitone vidogo sana vya rangi juu ya plastiki, jinsi picha inavyochapwa gazetini. Mboni hupata mwanga wake, mdomo hupata kivuli chake.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Kiwanda kikimwaga plastiki ya kahawia ya aina moja na kuweka vitone viwili vyeupe kuwa macho, mashavu hupotea, paji la uso hupotea, na kinachobaki ni macho ya kukodoa. Hivyo ndivyo sanamu nyingi za watu weusi zilivyotengenezwa kwa miaka mingi, na si ajabu kwamba wengi hawakuzitaka. Nakia ameepuka aibu hiyo. Mifupa ya mashavu imechongwa, na mwanga ukimjia kutoka ubavuni Lupita anaonekana waziwazi. Ukimtazama ana kwa ana chini ya taa kali ya dukani mfanano hupungua, hasa kwa kuwa mwigizaji huyu anajulikana kwa tabasamu lake na Nakia wa plastiki hatabasamu.

Nywele nazo zisipuuzwe. Katika filamu Nakia alisukwa mafundo ya nywele za asili, na waliosimamia urembo waliamua kwamba wahusika wa Wakanda wasionekane na nywele zilizonyooshwa kwa dawa. Kuchonga nywele za aina hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchonga nywele za kumwagika mabegani. Hata hivyo, mafundo yana faida moja ambayo wenye sanamu nyingine za kike wataionea wivu: hayagusi mabega, hivyo shingo huzunguka bila kizuizi.

Penye upungufu ni kwenye mikono. Wakusanyaji wamelalamika kwa muda mrefu kwamba miili ya wanawake katika Marvel Legends ya miaka hiyo ilipewa kiungo kimoja tu kiwikoni, ilhali wanaume walipewa viwili. Kiungo kimoja hukunja mkono hadi pembe mraba na kuishia hapo. Kwa mhusika anayepigana na pete zilizo karibu na kifua, hasara hiyo inaonekana mara moja. Sababu iliyozoeleka kutolewa ni kwamba mikono ya wanawake ni myembamba, na kiungo maradufu hukifanya kiwiko kuwa kinene. Hoja hiyo ilipoteza nguvu pale sanamu za miaka ya baadaye zilipokuja na viungo ambavyo havionekani hata misumari yake.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi wa Nairobi anapaswa kulifahamu kabla ya kufungua pochi. Ndani ya sanduku la Nakia mna kipande cha mwili wa mtu mwingine. Mtu huyo ni Okoye, jemadari wa walinzi wa kike wa Wakanda, aliyeigizwa na Danai Gurira. Katika mfululizo huo Okoye hakuuzwa peke yake. Aliyemtaka alilazimika kununua sanamu sita na kuunganisha vipande: Black Panther, Nakia, Killmonger, Iron Man, Black Bolt na Namor. Watatu wa mwisho hawamo kabisa katika filamu hiyo ya 2018.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila sanamu iliuzwa Marekani kwa karibu dola 20. Sita ni dola 120, ambazo kwa thamani ya shilingi ya mwaka 2018 zilikuwa takriban Sh12,000, kabla ya nauli na ushuru. Mwaka huo huo mshahara wa chini kabisa wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi uliwekwa kuwa Sh13,572 kwa mwezi. Mmoja wa wanawake mashujaa zaidi kuwahi kuonyeshwa katika sinema za aina hii aligawanywa vipande sita, na bei ya kumkusanya ikakaribia mshahara wa mwezi mzima. Kibiashara ni ujanja unaofahamika, na kampuni haikuuanzia kwa Okoye. Lakini Okoye hakustahili kuwa chambo.

Gharama ya kuleta sanamu nchini huongeza mzigo. Juu ya bei ya ununuzi na nauli ya ndege kuna ushuru wa forodha, kodi ya VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ushuru wa reli. Ndiyo maana maduka makubwa ya Westlands na Lavington huuza bidhaa halisi kwa bei inayomshangaza aliyezoea kusoma bei za Marekani. Mwenye duka hamwibii mteja kila mara.

Anayeshuka katikati ya jiji hukutana na soko la namna nyingine. Katika vibanda vya eksibisheni vya Tom Mboya, Luthuli na River Road, na kwa wauzaji wa jumla wa Kamukunji, mashujaa wa sinema hupangwa kama nyanya: Spider-Man wa kila kimo, Batman mwenye taa kifuani, Black Panther aliyepakwa rangi ambazo Wakanda haijapata kuziona. Bidhaa hizi zina wateja wake na furaha yake. Mtoto wa Kangemi anayemrusha Spider-Man wa bei nafuu juu ya kochi hajali leseni ya mtu. Tatizo huanza pale nakala inapotiwa katika sanduku lenye jina la kampuni halisi na kuuzwa kwa bei ya kitu halisi.

Dalili za udanganyifu hujitokeza kwa anayetulia. Maandishi ya sanduku huwa na ukungu, au jina la mhusika limekosewa herufi. Alama ya haki na jina la mtengenezaji, ambavyo huchongwa nyayoni au mgongoni mwa sanamu halisi, havipo. Rangi ya kijani imemwagikia ngozi ya shingo. Magoti ni legelege, na sanamu haisimami bila kuegemezwa. Kisha harufu: plastiki inayonuka kama mafuta ya taa mara sanduku linapofunguliwa haifai kukaa chumba cha kulala.

Bei nayo husema. Dola 20 ni kama Sh2,600 kwa thamani ya shilingi ya hivi karibuni. Sanamu mpya, ndani ya sanduku lake, ikiuzwa kwa Sh800, hakuna njia ya halali ambayo ingeifikisha Nairobi kwa bei hiyo.

Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inamlenga afanyaye biashara, wala si yule aliyejikuta na sanamu moja ya bandia kabatini kwake. Mfanyabiashara akipatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo kwa bei ya rejareja.

Lakini kwa mzazi suala zito ni afya kuliko leseni. Rangi hafifu huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na plastiki laini hutiwa kemikali ambazo Ulaya ilizidhibiti katika vitu vya kuchezea tangu katikati ya miaka ya 2000. Hata majina makubwa hayakunusurika. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kurudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea kwa sababu ya rangi yenye risasi na sumaku zilizokuwa zikichomoka. Nakia halisi ameandikiwa umri wa miaka minne na zaidi, na pete zake ni ndogo kiasi cha kumezwa na mtoto anayetambaa. Nyumba yenye mtoto wa aina hiyo na imuweke Nakia juu ya rafu ambayo kiti hakifikii.

Njia ya tatu ni mitumba. Katika soko la Toi na katika masoko ya Kangemi na Kawangware, marobota na magunia kutoka ng'ambo huwa na sanamu halisi zilizochezewa na watoto wa watu wengine, bila sanduku na mara nyingi bila silaha. Hapo bei ya chini si dalili ya udanganyifu, na alama ya nyayoni ndiyo cheti pekee. Nakia akipatikana humo bila pete zake bado ni Nakia, ila thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka, kwa kuwa pete za kununua kando hupatikana kwa taabu. Aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji ya moto yatapinda miguu yake.

Aliyebahatika kumpata akiwa ndani ya sanduku lililofungwa ana uamuzi ambao wakusanyaji hawajakubaliana juu yake: kumtoa au kumwacha. Akiachwa, thamani yake ya kuuzwa hudumu, mradi sanduku lisipigwe na jua la dirishani, ambalo hufifisha rangi ya karatasi. Akitolewa, uso ule hutazamwa kwa mwanga wa ubavuni, mahali unapoonekana vizuri zaidi. Wengi wa wanaomnunua kwa ajili ya Lupita humtoa. Wanaomuacha ndani hukosa pia kipande cha Okoye kilicho kando yake.