Trekta Yako Isivute Vumbi

Ndugu mkulima, ikiwa trekta yako ya dizeli imeanza kula oili na kupungua nguvu, huenda fundi akasema ringi zimekwisha. Labda ni kweli. Lakini kabla hujatoa fedha, tazama mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye chujio mpaka injini. Ukiwa umepasuka, vumbi la shamba huingia bila kuchujwa, na ringi mpya zitasagika upesi kama zile za kwanza.

Pima hivi. Washa injini, iende polepole bila kazi. Ziba mdomo wa chujio kwa kipande cha ubao ulionyooka, wala si kwa kiganja, kwani mvuto wake ni mkali. Ikizimika mara moja, njia ya hewa ni nzima. Ikiendelea kunguruma, hewa inapita mahali pengine. Zima, toa mpira, uukunje na kuutazama ndani; mstari wa vumbi utakuonyesha ufa.

Mara nyingi ni klipu tu iliyolegea: ikaze. Mpira wenye ufa, nunua mwingine. Ukanda wa tyubu kuukuu utakufikisha nyumbani, lakini usilime nao. Na ikiwa chujio lako lina bakuli la oili, lioshe, ulijaze mpaka alama, si zaidi.