Chombo Kivujacho na Amana ya Roho za Watu

Aondokaye Kisawasawa kwenda Ifakara huiona milima ya Udzungwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto bonde la Kilombero, ambalo wakati wa masika hugeuka kama ziwa. Zamani aliyetaka kuvuka mto kwenda Mahenge hakuwa na njia ila chombo. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu, kwani twakikumbuka kivuko kilichopinduka Januari 2016 kwa upepo mkali. Hata hivyo wavuvi na wakulima wa mpunga wangali wakitegemea mitumbwi yao. Upepo hapana mja awezaye kuuzuia. Lakini ufa wa chombo uko mikononi mwetu, nasi tutaulizwa juu yake.

Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja. Ukiachwa juani wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka. Ndiyo sababu wenye busara huuweka kivulini. Maji haya ya Kilombero huungana na ya Luwegu, yakawa Mto Rufiji, yakashuka hadi baharini kuelekea Mafia. Huko pwani mashua na majahazi huundwa kwa mbao nyingi, na kila kiungo cha mbao ni mlango wa maji. Kwa hiyo mafundi hukalafati: huishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti.

Fundi mwaminifu haanzi kwa pamba mpya. Kwanza hupandisha chombo ufukoni, akatafuta maji yaingiapo, kwani maji yaonekanayo katika ngama huenda yaliingilia mbali na pale. Kisha huchokoa pamba yote iliyooza, akasafisha, ndipo akatia mpya. Na ubao urudipo majini huvimba ukaibana. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mashua za tanga za kisasa zenye vyumba na madirisha ya vioo. Gundi ikichakaa kwa jua, maji hupenya pembeni mwa kioo na kuozesha ubao kwa siri. Apakaye gundi mpya juu ya ile ya zamani ameuficha ufa, hakuuziba. Hana budi kukitoa kioo, kukwangua yote ya kale, kutazama kama ubao ungali mzima, kisha kukirudisha.

Sasa twauliza: mwenye mtumbwi aujuaye ufa wake, akaupaka lami juu juu, kisha akapokea nauli ya mama na mtoto wake, amefanya nini? Katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akaonya kuwa mdanganyifu si wake. Ufa uliofichwa kwa lami ni unyevu ule ule chini ya nafaka kavu.

Wala abiria anayenyamaza hasalimiki. Katika Sahihi Bukhari Mtume alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Basi kijana aonaye maji yakizidi miguuni na aseme kabla chombo hakijaacha ukingo, hata kama mpiga kasia ni mjomba wake.

Nanyi wazee wetu, kabla masika hayajafika, pindueni mitumbwi yenu mkaichunguze mbele ya watoto wenu, wajifunze kwamba roho ya abiria ni amana kuliko nauli yake. Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu wa ndani kabla ya rangi ya nje. Amin.