Saa ya mfukoni isiyokwenda: nguvu inaishia wapi?

Sehemu ya tatu

Juma lililopita tuliifungua saa kwa nyuma tukaitambua: Waltham ya Marekani, ukubwa wa 18, ya muundo wa mwaka 1883. Leo tunautafuta ugonjwa wake. Kabla ya kushika bisibisi jiulize swali moja tu: nguvu ya kamani inaishia wapi?

Kamani imeviringwa ndani ya ngoma. Ngoma husukuma gurudumu la kati, nalo husukuma la tatu, la tatu la nne, na la nne lile lenye meno yaliyochongoka. Hilo huusukuma uma, na uma huipa msukumo mizani, ile pete inayokwenda na kurudi, ikipiga mara 5 kwa sekunde. Saa ikisimama, nguvu imekwama katika kituo kimojawapo.

Anza na kichwa cha kutilia ufunguo. Kikizunguka bila mwisho, kamani imekatika, au kile kijino kinachozuia gurudumu lake lisirudi hakishiki tena. Kikifika mahali kikagoma, kamani imejaa. Hapo wenye saa husema, "Babu aliitia ufunguo kupita kiasi." Ugonjwa huo haupo. Saa iliyojaa lakini haiendi imezibwa mbele ya safari, na mara nyingi kilichoiziba ni mafuta yaliyoganda na vumbi. Akrabu nazo zikikataa kusogea ukivuta kichwa, usilazimishe. Nyingi za saa hizi zina kiwiko kidogo ukingoni mwa uso, chini ya kioo, nacho ndicho kinachovutwa. Wenye reli wa Marekani walikuja kuupenda mpango huo kwa kuwa dereva hawezi kubadili wakati kwa bahati mbaya.

Sasa izungushe saa taratibu mkononi. Mizani ikicheza vizuri kisha ikatulia, nguvu haiifikii. Ikiyumba au ikikwaruza, tazama ncha za mhimili wake kwa lenzi: ni nyembamba mno, na kuanguka sakafuni mara moja kunatosha kuzivunja. Saa inayokwenda ikilala chali na kusimama ikilala kifudifudi huushitaki mhimili huo. Inayowahi sana, hata kwa saa nzima kwa siku, aghalabu mizunguko ya kamani ya mizani, ile nyembamba inayoirudisha mizani, imenatana kwa mafuta au kwa sumaku.

Waltham ina hila yake ambayo fundi aliyezoea saa za Uswisi anaweza asiijue. Kamani ikikatika ghafla, ngoma hurudi nyuma kwa kishindo kinachoweza kung'oa meno. Ndiyo maana gurudumu dogo la katikati lilifungwa kwa hesi badala ya kukazwa moja kwa moja: kishindo kikija, linajifungua na kuinuka, meno yanasalimika. Hataza yake, ya Fogg, ni ya mwaka 1865. Basi fundi akitia kamani mpya bila kulikagua gurudumu hilo, anaweza kukuta saa bado inasuasua akadhani kamani ni mbovu. Lirudishe mahali pake kwa mkono mwepesi. Wapo waliolibandika kwa gundi "lisisumbue tena". Hao wameing'oa kinga yenyewe.

Kipimo kinachonipendeza kuliko vyote ni hiki. Kamani ikiwa na nguvu kidogo, toa mizani pamoja na daraja lake, kisha uguse uma kwa njiti iliyochongwa. Ukiruka upande wa pili kwa wepesi, nguvu inafika, na lawama ni ya mizani. Ukilegea, shida iko nyuma yake, kwenye magurudumu. Usiutoe uma wenyewe kabla ya kuilegeza kamani: shika kichwa, ondoa kile kijino, uache kichwa kirudi polepole kati ya vidole. Ukisahau, magurudumu yatafyatuka kwa pamoja, na huenda yakavunja ncha zake.

Mafuta ya cherehani yaache kwa cherehani. Hutambaa, hufika kwenye kamani ya mizani, na kumwagia saa chafu mafuta mapya ni kuyachanganya na uchafu tu. Saa hufumuliwa yote, ikaoshwa, matundu ya vito yakasafishwa kwa njiti, kisha kila ncha ikapata tone dogo la mafuta ya saa. Meno ya magurudumu hayapakwi kitu.

Juma lijalo: kuifungua ngoma na kuikagua kamani.