Kupanda farasi na usasi wa mbweha: msamiati, adabu na mitego ya tafsiri

Lipingo ni kata ya wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, katika ukanda wa Ziwa Nyasa ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Mwanafunzi wa huko anajua mtumbwi, kafi, wavu na usipa. Farasi huenda hajamwona hata mara moja. Hata hivyo hatamu anaijua. Amesikia kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, na wazee wake wanakumbuka kauli ya miaka ya 1970 kwamba chama ndicho kinachoshika hatamu. Anajua pia kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Mwanafunzi huyu akipewa kutafsiri habari ya Kiingereza inayohusu mafunzo ya kupanda farasi katika shamba fulani, na adabu za kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa, hukutana na matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza ni la msamiati asioujua ingawa Kiswahili kinao. La pili ni la desturi ambayo Kiswahili hakina, lakini maneno yake yanaonekana kana kwamba yana visawe. Tatizo la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa mfasiri hukosea bila kujua kwamba amekosea.

Msamiati uliopo tayari

Farasi hakuenea katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania. Katika misitu ya miombo ya kusini mbung'o, ambaye pia huitwa ndorobo, hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Kwa hiyo maneno mengi ya farasi yaliingia katika Kiswahili kupitia pwani, na mengi yana asili ya Kiarabu: farasi, lijamu, hatamu, seruji, saisi. Mengine ni ya Kibantu, kama vile tandiko, kigwe, kikuku na ukwato.

Tandiko, au seruji, ni kiti kinachofungwa mgongoni mwa farasi. Kitenzi chake ni tandika, na kinyume chake ni tandua. Kikuku ni pete ya chuma inayoning'inia kandoni mwa tandiko, ambamo mpandaji huingiza mguu. Ni neno lile lile la pambo la mkononi au mguuni, na katika maandishi ni vema kusema kikuku cha kupandia ili kuondoa utata. Saisi ni mtu anayemtunza farasi, kumsafisha, kumlisha na kumtandika. Neno hilo lilifika pia katika Kiingereza cha walowezi wa Kenya kutoka India, kwa hiyo mfasiri anayelikuta katika kumbukumbu zao akaandika "mfanyakazi wa farasi" ameacha neno linalofaa kwa ajili ya maelezo marefu.

Lugha ya kila siku huita hatamu chochote kinachomwongoza farasi. Katika somo la kupanda, vitu vitatu hutofautishwa. Hatamu ni mikanda yote ya kichwani. Lijamu ni chuma kinachokaa kinywani. Vigwe ni kamba au mikanda ambayo mpandaji huishika mkononi. Tofauti hii ina uzito wake shambani. Mwalimu akisema vigwe vilegezwe, na mkalimani akasema hatamu ilegezwe, saisi anaweza kulegeza mkanda wa kichwani, na mgeni akabaki juu ya farasi asiyeongozeka.

Somo la kwanza

Kitenzi panda kina kazi mbili hapa. Huweza kumaanisha kitendo cha kukwea juu ya tandiko, na huweza kumaanisha kusafiri juu ya mnyama. Sentensi "Alipanda farasi" haielezi kama mtu alikwea tu au alikwenda mbali. Katika maelekezo inafaa kutumia "kwea" au "panda juu ya tandiko" kwa kitendo cha kwanza, na "enda kwa farasi" kwa cha pili. Endesha hufaa zaidi pale farasi anapovuta gari. Kushuka hakuna utata.

Desturi ni kumkwea farasi kutoka upande wake wa kushoto, na kumkaribia kwa upande wa bega, wala si kwa nyuma. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili la mwisho, kwa kuwa ameshaambiwa kwamba asante ya punda ni mateke.

Miendo ya farasi hutajwa kuwa minne. Ya kwanza ni hatua, mwendo wa kutembea wenye mapigo manne ya kwato. Ya pili ni matiti, mwendo wa mapigo mawili ambapo mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili huinuka pamoja. Neno hili limo katika kamusi za zamani katika usemi "kwenda matiti". Vijana hulicheka kwa sababu ya neno jingine linalofanana nalo, lakini hakuna sababu ya kulitupa. Ya tatu ni mwendo wa mapigo matatu, ulio kati ya matiti na mbio kamili. Hapa "shoti ya taratibu" inaeleweka. Ya nne ni shoti yenyewe: farasi huenda shoti au hupiga shoti. Telki, neno linalotajwa mara nyingi pamoja na haya, ni mwendo wa haraka wa punda. Kulitumia kwa farasi wa mashindano ni kumshusha cheo.

Kuwinda, kusaka na msako

Winda ni kitenzi kipana: mtu huweza kuwinda peke yake, kwa bunduki, kwa mshale au kwa kuvizia. Saka ni kufuatia na kutafuta, mara nyingi kwa kundi na kwa mbwa. Anayefanya kazi hiyo ni msasi, na kazi yenyewe ni usasi. Unguja na Pemba zina wasasi wa vijijini ambao huenda kwa makundi na mbwa wao kuwaondoa nguruwe mwitu na wanyama wengine waharibifu wa mazao. Methali nazo zinashuhudia ukale wa maneno haya: msasi haogopi miiba, na mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Kwa hiyo usasi ndilo neno lililo karibu zaidi na uwindaji wa Kiingereza wa farasi na mbwa, kwa kuwa nao ni wa kundi, wa mbwa na wa kufukuza. Msako lingefaa pia kwa asili yake, lakini magazeti yamelikabidhi kwa polisi: "msako wa mbweha" leo huleta picha ya askari na magari. Pendekezo ni kuandika kwa ukamilifu mara ya kwanza, "usasi wa mbweha kwa farasi na mbwa", kisha kubaki na "usasi".

Mbweha ni nani?

Mnyama anayewindwa Uingereza ni Vulpes vulpes, mwenye manyoya mekundu na mkia mnene. Hayupo Tanzania wala Kenya. Mbweha, au bweha, wa Afrika Mashariki ni mnyama mwingine wa jamii ya mbwa: yuko bweha mgongo mweusi, yuko bweha miraba, na yuko wa rangi ya dhahabu. Bweha masikio ana ukaribu zaidi na yule wa Ulaya, lakini chakula chake kikuu ni mchwa na wadudu wengine, wala si kuku wa mtu.

Tafsiri za Biblia zimemwita mnyama wa Injili mbweha, na matumizi hayo yamekaa. Hayafai kupingwa. Mbweha wa Kiswahili naye huiba kuku, naye hujificha shimoni, kwa hiyo msomaji wa kawaida hapotezi kitu. Mahali panapohitaji uangalifu ni matini ya elimu ya wanyama, ambamo "mbweha mwekundu" ni afadhali, na hadithi za ujanja. Katika ngano za Kiswahili mjanja ni sungura. Mfasiri akiandika "mjanja kama mbweha" ataeleweka, lakini hatakuwa amesema lile ambalo bibi angemsimulia mjukuu.

Historia ya Kenya inaongeza jambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Jim Elkington alifuga karibu na Nairobi kundi la mbwa wa kuwindia lililoitwa Masara, na baadaye huko Molo walowezi wengine waliendesha usasi wa aina hiyo hiyo. Walivaa, walipanda na walisalimiana kwa desturi za Uingereza, lakini mnyama waliyemfukuza alikuwa bweha. Katika habari za mashamba hayo neno mbweha ni sahihi kwa maana zote mbili. Katika habari za Uingereza ni sahihi kwa makubaliano tu. Matini yenyewe ndiyo huamua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005, ilizuia kuwinda wanyamapori kwa mbwa katika England na Wales. Tangu hapo makundi mengi ya huko hufuata harufu iliyowekwa njiani mapema. Mfasiri wa habari za leo asiandike "walimfukuza mbweha" kabla ya kuhakikisha kwamba mbweha alikuwapo.

Adabu, miiko au kanuni?

Kwa kanuni zisizoandikwa za usasi, wafasiri wengi huchagua neno moja, adabu, na kulitumia kwa kila kitu. Kiswahili kina maneno yanayogawana kazi hii. Adabu huhusu mwenendo mwema baina ya watu. Miiko ni makatazo ambayo kuyavunja huleta adhabu au aibu kubwa. Kanuni huwekwa na chombo chenye mamlaka.

Kumsalimu kiongozi wa usasi mtu afikapo, na kumshukuru kabla ya kuondoka, ni adabu. Kufunga lango ulilolikuta limefungwa, na kupita ukingoni mwa konde lililopandwa badala ya kulikata katikati, ni adabu kwa mwenye shamba. Kumfunga farasi apigaye mateke utepe mwekundu mkiani ni tahadhari, na mwenye farasi huyo hukaa nyuma ya wenzake. Lakini kumpita kiongozi, au kuwakanyaga mbwa kwa farasi, ni mwiko: aliyefanya hivyo huweza kurudishwa nyumbani mbele ya wote. Mbwa wakipita, farasi hugeuzwa kichwa kiwaelekee, ili asiwapige mateke.

Ugawaji huu husaidia pia kuona kilichonyamaziwa. Adabu ya kumheshimu mwenye shamba humtambua yule ambaye sheria imemtambua. Katika nyanda za juu za Kenya zilizotengewa Wazungu wakati wa ukoloni, lango lililofungwa kwa heshima lilikuwa la mlowezi. Mfasiri akiandika kwamba wasasi "waliwaheshimu wenyeji" ameingiza dai ambalo matini haikulitoa. "Wenye mashamba" ni tafsiri ya kweli zaidi.

Maneno yanayodanganya

Kiingereza cha wasasi hutumia maneno ya kawaida kwa maana za pekee. Eneo ambalo kundi moja linaruhusiwa kuwinda huitwa kwa neno lile lile la nchi. Tafsiri yake ni "eneo la usasi". Wapanda farasi wanaofuata nyuma ya kiongozi huitwa kwa neno la konde au uwanja. Hao ni "wapanda farasi" au "wafuasi wa usasi". Koti jekundu huitwa kwa neno la rangi ya waridi, ingawa ni jekundu kabisa. Mbwa wakipekua kichaka wakitafuta harufu, kitenzi chake ndicho kinachomaanisha kuchora au kuvuta. Wenyewe hawawaiti mbwa hao kwa neno la kawaida la mbwa, na huwahesabu kwa jozi. Kiswahili hakina majina mawili ya mbwa ya namna hiyo. "Mbwa wa msasi" hutosha, na idadi iandikwe kwa jozi pale matini inapoitaja hivyo.

Mfano ufuatao unaonyesha matokeo ya kutafsiri neno kwa neno:

"Uwanja ulisubiri kando ya msitu wakati mbwa walipochora. Kijana aliyevaa koti la waridi na mwenye utepe mwekundu alienda nyuma."

Msomaji wa Lipingo atauliza mbwa walichora nini, na uwanja husubirije. Atadhani pia kwamba utepe ulikuwa kwenye nguo za kijana. Tafsiri inayofaa ni hii:

"Wapanda farasi walisubiri ukingoni mwa kichaka huku mbwa wakipekua ndani. Kijana mmoja mwenye koti jekundu, ambaye farasi wake alifungwa utepe mkiani kuonya kwamba hupiga mateke, alijivuta nyuma ya wenzake."

Tafsiri ya pili ni ndefu kwa sababu utepe umefafanuliwa. Kwa msomaji aliyekulia kwenye mafunzo ya farasi ufafanuzi huo ungekuwa wa ziada. Kwa asiyewahi kumwona farasi, bila ufafanuzi huo hajui kwa nini kijana alijitenga na wenzake, na adabu nzima imempita.